Wembe Ukikukataa: Kutafuta Chanzo cha Mwako, Vipele na Mwasho wa Kunyoa

Mtu akija dukani na shingo imeharibika, simuulizi anatumia krimu gani. Namuuliza inaanza lini. Mwako unaokuja wembe ukiwa bado mkononi una chanzo chake. Kipele kinachochomoza siku ya pili au ya tatu kina chanzo kingine kabisa, na uso unaoamka umevimba na kuwasha huenda hauna habari na wembe hata kidogo. Wengi hutibu yote matatu kwa njia moja: wananunua krimu ya bei kubwa zaidi, na siku hiyo hiyo wanabadilisha wembe, sabuni na mafuta. Ukibadilisha vitu vinne kwa mpigo, hata ukipona hutajua kilichokuponya.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, nyoa mara moja zaidi kama ulivyozoea, halafu hesabu saa. Ukishajua dalili inakuja lini, soma sehemu inayokuhusu na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kipe kila badiliko wiki mbili au tatu.

Tena usitafute wekundu. Maelezo mengi ya ngozi yameandikwa kwa ajili ya watu weupe, na wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, inayong'aa, au iliyo na joto ukiigusa kwa mgongo wa vidole.

## Inawaka papo hapo, au ndani ya saa moja

Huu ni msuguano, na mara nyingi chanzo ni kunyoa nywele kavu. Nywele ikilowa kwa dakika mbili tatu hufura na kulainika, na wembe huikata bila kuivuta. Ikiwa kavu huwa ngumu, wembe unaiburuta, na wewe bila kujua unazidi kukandamiza. Nyoa baada ya kuoga, si kabla. Kwa mwenzetu wa Nairobi hiyo ni kazi ya kuchemsha maji. Hapa kwetu Mombasa tangi jeusi lililo juu ya paa limeshaifanya, na kuanzia alasiri maji hutoka mferejini yakiwa na uvuguvugu. Alfajiri yanakuwa yamepoa.

Hiyo ni sababu moja ya mimi kuwaambia watu wanyoe usiku. Ya pili ni jasho. Nyoa saa kumi na mbili asubuhi msimu wa kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, upande matatu Kisauni: kabla hujavuka daraja la Nyali, chumvi ya jasho imeshaingia kwenye kila mchubuko ulioachwa na wembe, na kola ya shati inamalizia kazi. Ukinyoa baada ya isha, ngozi inapata usiku mzima wa kutulia chini ya feni.

Kuna na maji yenyewe, jambo ambalo silisikii likitajwa. Maji ya mfereji hayatoshi mji huu, na watu wengi wanaoga maji ya kisima. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo hubeba kalisi nyingi, yaani madini ya chokaa. Mahali pengine, hasa karibu na bahari, yana chumvi pia. Sabuni ya kipande ikikutana na kalisi haitoi povu. Inatoa utando mweupe unaonata ngozini na kuziba wembe. Mtu anadhani amepaka povu, kumbe ananyoa juu ya chokaa. Ukitaka kujua maji yako yakoje, tia maji kidogo kwenye chupa ya plastiki, chonga vipande vyembamba vya sabuni humo, funga, tikisa. Yakitoa povu linalokaa, ni mazuri. Yakigeuka kama maji ya mchele na povu likafa mara moja, umeshapata mshtakiwa wa kwanza. Kuyachemsha hupunguza sehemu ya ugumu huo lakini chumvi haiondoki. Njia rahisi ni kuweka jagi moja la maji ya mvua, ya mfereji, au ya ule mtungi ulioletwa na mkokoteni, kwa ajili ya uso tu. Kunyoa hakuhitaji hata lita mbili. Au tumia krimu ya kunyolea isiyotegemea sabuni, ile unayopaka ikabaki nyeupe bila kufanya povu.

Wembe mkuukuu ndio unaofuata. Watu husema "bado unang'aa". Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walichapisha kazi iliyoonyesha kwa hadubini ya elektroni kuwa makali ya chuma humeguka vipande vidogo sana yanapokata nywele, ingawa chuma ni kigumu kuliko nywele mara nyingi. Vipande hivyo huvioni kwa macho. Unavisikia shavuni, wembe unapoanza kuvuta badala ya kuteleza. Wembe wa kutupa ubadilishe baada ya kunyoa mara tano hadi saba. Ule mwembamba wa makali mawili unaotiwa kwenye mashine ya chuma, mara tatu hadi tano. Na usiuache bafuni: kwa unyevu wa hapa utauona una kutu kabla hujauchosha. Uoshe, uukung'ute, uweke chumbani mahali pakavu.

Halafu mkono. Shika kwa ncha za vidole, mwisho wa mpini, uache uzito wa wembe ufanye kazi. Mwenye kukamata mpini kama anayekuna nazi lazima akandamize.

Unachopaka baadaye nacho kina lawama zake. Spiriti huua vijidudu, ni kweli, lakini juu ya uso mzima ulionyolewa sasa hivi inakausha na kuchoma, na kuchoma si ushahidi wa usafi. Shabu ni afadhali. Vinyozi wa zamani wa Mji wa Kale hulowesha kipande na kukipitisha usoni, nacho hukaza ngozi na kuzuia vidamu vidogo. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: inapowasha zaidi ndipo ulipokandamiza au ulipopita mara mbili. Iache kidogo, kisha uioshe kwa maji baridi, na kumbuka pale palipowaka.

Ndimu usiiguse. Kuna wanaokata ndimu na kuisugua kidevuni "kuua vipele", kisha wanatoka juani. Maji ya ndimu yana kemikali inayoamshwa na jua, na matokeo yake ni ngozi kuungua na kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi. Muuza juisi anayekamua ndimu kutwa nzima juani anaweza kuyapata mikononi bila kugusa wembe.

Baada ya kunyoa, maji baridi yanatosha, ujikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha losheni isiyo na manukato. Utomvu wa mshubiri ni mzuri ukichukua ule wa ndani, mweupe kama jeli. Ule wa manjano unaotoka chini ya ganda uache udondoke kwanza, maana huwasha.

## Vipele vinavyotokea siku ya pili au ya tatu

Hapa ndipo penye watu wengi, na ndipo pesa nyingi hupotea. Vipele ni vigumu, vingi viko shingoni na chini ya taya, na ukivitazama kwa karibu utaona katikati ya baadhi yake kidoti cheusi au uzi mweusi umejipinda chini ya ngozi. Kwenye karatasi ya daktari utakuta ameandika pseudofolliculitis barbae. Si uchafu, na mwanzoni si maambukizi. Ni nywele iliyorudi ndani.

Nywele ya kipilipili haitoki wima. Tundu lake lenyewe limejipinda, kwa hiyo nywele inatoka imelala. Ukiikata kwa wembe, unaiachia ncha iliyochongoka kama kalamu. Ikikua kidogo inajikunja na kuichoma ngozi karibu na pale ilipotokea. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi: ukinyoa hadi nywele ikakatika chini ya usawa wa ngozi, haina haja hata ya kutoka nje, inatoboa ukuta wa tundu lake humo humo. Mwili unaiona kama mwiba na kuipiga vita.

Kwa hiyo adui si krimu mbaya. Adui ni ule ulaini tunaoutaka. Kadiri unavyonyoa karibu, ndivyo unavyoipa nywele nafasi ya kuzama. Nyembe za makali mengi zimeundwa kwa kazi hiyo hasa. Gillette walipotoa wembe wa makali mawili yaliyofuatana, Trac II, mwaka 1971, sifa yake ilikuwa kwamba kali la kwanza linaivuta nywele na la pili linaikata kabla haijarudi ndani. Kwa nywele iliyonyooka hiyo ni raha. Kwa nywele yako ni kuipeleka shimoni kwa mkono wako mwenyewe. Leo nyembe zina makali matatu hadi matano, na mwenye vipele ndiye huuziwa ule wa matano.

Kijana mmoja mhudumu wa hoteli alinijia na shingo yote imejaa.

"Ami, wenzangu wananyoa kila siku na hawana kitu."

"Wenzako nywele zao zikoje?"

"Mmoja Mwarabu, mmoja Mhindi."

"Basi hao wana nywele zao. Hebu inua kidevu, mwanangu. Nani kakufundisha kunyoa shingo toka chini kwenda juu?"

"Si ndio inakuwa laini, Ami?"

Ndiyo, inakuwa laini, na kesho kutwa inakuwa kama ngozi ya fenesi.

Tuanze na kuitibu. Kama vipele vimejaa, hakuna utaratibu wa kunyoa utakaovimaliza huku unaendelea kunyoa. Weka wembe chini kwa mwezi mmoja. Ndevu hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na nywele iliyozama ikirefuka inajichomoa yenyewe. Kwa muda huo punguza kwa mashine yenye kichana namba 1, kinachoacha milimita tatu hivi. Nakuonya tu kwamba wiki ya kwanza huwa mbaya kuliko ulivyoanza, kwa sababu nywele ulizokwisha kuzichonga bado ziko njiani kuingia. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye wembe.

Kila jioni osha uso kwa maji ya vuguvugu na upitishe kitambaa laini kwa mzunguko, polepole, kulegeza nywele zilizoanza kuzama. Ile unayoiona imejipinda kama kitanzi juu ya ngozi, iinue kwa sindano iliyopanguswa spiriti, uiache hapo hapo. Usiing'oe kwa kibano. Nywele iliyong'olewa hurudi kutoka chini kabisa, na safari hii inatoboa ikiwa bado ndani. Kupekua ngozi nzima kutafuta nywele usiyoiona ni kujitengenezea kovu.

Mwezi ukiisha, chagua moja kati ya njia mbili. Ya kwanza, ambayo mimi naisimamia, ni kuacha wembe kabisa na kutumia mashine inayobakisha nusu milimita au milimita moja. Hapo kuna kivuli cha ndevu, si kidevu cha mtoto, lakini ncha ya nywele iko juu ya ngozi na haiwezi kuzama kirahisi. Usiikandamize mashine, na usiivute ngozi.

Ya pili ni kwa asiyeweza kukwepa wembe. Tumia wembe wa kali moja. Kwanza ujue ndevu zako zinalala wapi, na hapa usimwige mtu. Usinyoe siku mbili. Simama kwenye mwanga, pitisha ncha za vidole shavuni kutoka juu kwenda chini, kisha chini kwenda juu. Upande mmoja vidole vinateleza; mwingine vinakwaruza kama msasa. Kunateleza ndiko ndevu zinakoelekea. Fanya hivyo sehemu kwa sehemu hadi kwenye koromeo. Kwenye mashavu jibu huwa ni chini. Shingoni ndipo penye maajabu: chini ya taya zinashuka, karibu na koromeo zinaenda pembeni, na juu kidogo ya kola zinapanda. Kuna watu wenye kizingia, yaani nywele zinazozunguka kwa duara, upande mmoja tu wa shingo, na ndio upande wenye vipele. Chora ramani kwenye karatasi ukipenda. Kisha fuata uelekeo huo kwa mapigo mafupi, mara moja tu, ukisuuza wembe kila pigo la pili, bila kuvuta ngozi kwa mkono mwingine. Palipobaki vijinywele, viache.

Unga wa kunyolea, ule unaokorogwa na maji na kunuka kama yai viza, nao una nafasi yake. Hauikati nywele, unaiyeyusha, na ncha inayobaki ni butu na laini. Kwa vipele hivi unaweza kusaidia sana. Lakini ni kemikali kali. Ujaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya na usubiri siku mbili. Usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo, usiupake juu ya kidonda, na uuache siku kadhaa kabla ya kurudia. Ukisikia unachoma, usijikaze kiume. Uondoe.

Dawa za kupaka zinazosaidia ni zile zinazopunguza ngozi iliyokufa juu ya tundu: asidi ya glikoliki, au asidi ya salisiliki ya asilimia 2. Anza usiku mmoja ndiyo mmoja hapana, na usipake usiku uliyonyoa. Adapaleni, dawa ya chunusi, nayo hutumika, ila mjamzito asiiguse.

Na kama kazi inadai kidevu kitupu kila siku, mwombe daktari aandike barua. Huu ni ugonjwa unaojulikana vitabuni, na kivuli cha milimita moja kilichochongwa vizuri hakimfukuzi mgeni mezani.

## Vichwa vyeupe vyenye usaha na maumivu

Vipele vikiwa vidogo, vyenye kichwa cha usaha kinachozunguka nywele moja moja, na vimetokea hata mahali ambapo nywele haikuzama, hapo pameingia bakteria, mara nyingi wale waitwao Staphylococcus aureus. Wamo puani na ngozini kwa watu wengi bila shida. Wembe unawafungulia mlango.

Simamisha kunyoa hadi pakauke. Sabuni au jeli yenye benzoili peroksaidi husaidia, ila itakupaushia foronya na kanzu, basi tumia taulo nyeupe. Usikamue. Ikiwa uvimbe ni mkubwa kama jipu, una homa, una kisukari, au mwako unapanda kuelekea jichoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Chunguza na unakonyolewa. Wembe lazima ufunguliwe mbele yako, kwenye karatasi yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na tone lake halihitaji kuonekana. Mashine inatakiwa kubrashiwa nywele kwanza, kisha kupanguswa spiriti na kuachwa ikauke. Lile sanduku lenye taa ya buluu lililo kwenye kila kinyozi mjini linapendeza, lakini mwanga huo unasafisha panapoangaziwa tu. Mashine iliyoingizwa humo na nywele za mteja aliyetangulia inatoka nazo. Mwambie kinyozi wako kwa upole. Akinuna, mji una vinyozi wengi.

## Inawasha na kuvimba kesho yake

Kuwasha kuliko kuuma, uvimbe laini, pengine vilengelenge vidogo au maji maji, na dalili imevuka mpaka wa sehemu uliyonyoa: imefika masikioni, kwenye kope. Huo ni mzio. Huja baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana watu hawaunganishi na kilichousababisha.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni rangi. Wazee wanaopaka ndevu rangi nyeusi kabla ya Idi au harusi, na akina dada wanaochorwa piko, wanakutana na kemikali moja iitwayo PPD iliyomo kwenye rangi nyeusi za nywele. Hina halisi haitoi weusi ule. Mtu akishapata mzio wa PPD, kila mara inayofuata inaweza kuwa kali zaidi, na ukiipaka juu ya ngozi iliyonyolewa leo unaisaidia kuingia. Dawa ni kuiacha moja kwa moja.

Mshukiwa wa pili ni manukato, na kwa mji unaopenda kunukia kama huu, hili ni gumu kulisema. Marashi ya mafuta yapakwe nguoni, si shingoni palipopita wembe. Singo vivyo hivyo: ina karafuu, na ni ya kusugulia. Bibi harusi anyolewe au atolewe nywele siku kadhaa kabla, singo ifuate ngozi ikiwa imetulia.

Kitu kipya chochote kijaribu ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Pakikaa kimya, ndipo ukipake usoni. Uliyekwisha kuvimba, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache inatuliza.

## Duara linalopanuka

Baka lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pamepoa, na nywele za hapo zinakatika au kung'oka bila maumivu: shuku choa. Ni kuvu, huambukizwa kwa mashine, taulo, na kwa paka na ng'ombe. Usijipake krimu za steroidi. Zinaondoa mwasho, baka linafifia, huku kuvu inaendelea kutambaa ikiwa na sura ambayo hata daktari itampa kazi kuitambua. Choa cha kwenye ndevu kwa kawaida kinahitaji dawa ya kumeza, kwa hiyo usipoteze miezi na mirija ya dukani.

## Kisogoni

Vipele vigumu kwenye mpaka wa nywele nyuma ya shingo, visivyoisha, vinavyoanza kuungana na kuwa kovu lililoinuka. Hapa siku hazisaidii kuhesabu, maana vinakuja polepole. Huchochewa na kunyoa kisogo karibu mno, kola ngumu, na kofia au helmeti inayosugua na jasho. Waendesha bodaboda wanalijua hili. Mwambie kinyozi asipige wembe kisogoni na asichonge laini pale. Mashine yenye kichana basi. Ukiwahi, dawa za kupaka zinaweza kutosha. Ukichelewa inakuwa sindano za steroidi ndani ya kovu, au upasuaji. Na kama katika ukoo wenu makovu yana tabia ya kuvimba kupita kidonda chenyewe, usisubiri kabisa.

## Vipele vimepona, madoa yamebaki

Weusi unaobaki baada ya kipele si kovu. Ni rangi iliyomwagika wakati wa mwako, na huchukua miezi kufifia hata ukifanya kila kitu sawa. Jua linauzidisha weusi huo, basi paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, na dawa kama asidi ya azelaiki inaweza kuharakisha. Lakini kwanza vipele vikome. Kutibu madoa huku vipele vinaendelea ni kudeki huku mfereji unamwaga.

Mikorogo iache ilipo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, na bado zinapenyezwa madukani kwenye makopo yasiyoandikwa kitu. Mengine yana steroidi kali: wiki mbili za kwanza uso unang'aa, kisha ngozi inakuwa nyembamba, inatoa chunusi na haivumilii tena jua wala wembe.

## Kwapa na kinena

Yote ya juu yanahusika, ila nywele za kwapa zinaelekea pande mbili au tatu, na kinena kina joto na msuguano wa nguo siku nzima. Mafundisho ya Kiislamu yanasema zisiachwe zikapita siku arubaini, hayasemi kila juma. Anayenyoa kila Alhamisi usiku na kila Ijumaa anatembea kwa tabu, apunguze kwa mkasi au mashine badala ya wembe, na aachie nafasi. Mashine hiyo iwe ya kwake peke yake. Diodoranti isubiri hadi kesho yake asubuhi. Chupi iwe ya pamba, na buibui la kitambaa kinachopitisha hewa.

Wanaotumia nta au sukari wajue kwamba kung'oa hakuzuii nywele kuzama. Kwa nywele za kipilipili kunaweza kuzidisha. Kinachokata shina la tatizo ni leza, na hapo uliza swali moja kabla ya kulipa: mashine ni ya aina gani? Kwa ngozi nyeusi inayofaa ni Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo inaipita rangi ya ngozi na kuishika nywele chini. Nyingine zilitengenezwa kwa ngozi nyeupe na zinaweza kuunguza. Inahitaji kurudiwa mara kadhaa, wiki kadhaa kati ya moja na nyingine, na mhudumu asiyejua kujibu swali hilo hafai kukushika.